Kusimikwa na Kuchaguliwa: Mjadala wa Utawala Kilimanjaro, tangu Mangi Mkuu hadi Mkutano wa Kijiji Mabogini

Mabogini ni kata iliyo kusini ya mji wa Moshi, mahali mteremko wa Kilimanjaro unapokwisha na tambarare kuanza kuelekea mashamba ya miwa ya Arusha Chini. Hapo hakuna ile migomba na mibuni inayotajwa kila Wachagga wanapotajwa. Kuna majaruba ya mpunga, mifereji, na vumbi jingi wakati wa kiangazi. Wakazi wake si wa ukoo mmoja wala wa kabila moja: wapo walioshuka kutoka mlimani baada ya vihamba kugawanywa hata visitoshe tena kurithiwa, na wapo waliotoka mbali zaidi kutafuta ardhi na kazi. Kwa sababu hiyo lugha ya shughuli za umma hapo ni Kiswahili. Mkutano ukiitishwa, hoja hutolewa kwa Kiswahili, muhtasari huandikwa kwa Kiswahili, na anayetaka kumbana mwenyekiti humbana kwa Kiswahili.

Msikilizaji wa mikutano hiyo atasikia maneno akidi, ajenda, mapato na matumizi, kuwajibika, kuchagua. Ni rahisi kudhani kwamba maneno hayo yaliletwa na siasa za vyama vingi mwaka 1992, au na semina za asasi zisizo za kiserikali zilizofuata. Mhadhara huu unadai kwamba sivyo. Mjadala juu ya maana ya kumchagua mtawala, na juu ya raia kumdai hesabu mtawala waliyemchagua wenyewe, ulifanyika Kilimanjaro kwa Kiswahili zaidi ya miaka hamsini iliyopita, kabla ya uhuru, na ulifikishwa kwenye sanduku la kura. Kiini chake kilikuwa tofauti kati ya vitenzi viwili: kusimika na kuchagua.

Kusimika ni kusimamisha kitu wima kikae. Nguzo husimikwa, mlingoti husimikwa, na mtawala naye husimikwa. Kinachosimikwa kimekusudiwa kudumu, na kukiondoa ni lazima kuchimbua. Kuchagua ni kitendo cha namna nyingine. Huko Mabogini mchele huchaguliwa kwenye ungo kabla ya kupikwa, chuya na mawe yakaondolewa, na kesho yake kazi huanza upya, kwa kuwa hakuna mpishi aliyewahi kuchagua mchele wa maisha yake yote. Swali lililowagawa watu wa Kilimanjaro katika miaka ya 1950 lilikuwa hili: mtu akishachaguliwa, je, amesimikwa?

Raia kabla ya dola

Ifahamike kwanza kwamba kabla ya mwaka 1952 Kilimanjaro haikuwahi kuwa na mtawala mmoja. Kila sehemu ya mlima ilikuwa na Mangi wake: Machame, Kibosho, Moshi, Kilema, Marangu, Rombo na nyinginezo. Walioana, walipigana, na kila mmoja alitafuta rafiki wa nje wa kumtegemea dhidi ya jirani yake. Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli wa Moshi tarehe 2 Machi 1900, pamoja na wenzake, hawakuwa wanaangusha dola ya Wachagga, maana dola hiyo haikuwapo.

Umoja wa mlima ulianzia kwenye kahawa. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, chini ya Joseph Merinyo, na kwa mara ya kwanza mtu wa Machame na mtu wa Rombo wakawa wanachama wa kitu kimoja ambacho hakikuwa cha Mangi yeyote. Chama hicho kilivunjwa, na mahali pake ukaingia mwaka 1933 Umoja wa Vyama vya Ushirika, yaani KNCU, uliokuwa karibu zaidi na serikali. Wakulima waliolazimishwa kuuza kahawa yao kupitia kwake peke yake walifanya ghasia mwaka 1937. Historia ya ushirika huo imeandikwa mara nyingi na haina haja ya kurudiwa hapa, ila kwa jambo moja: ilifundisha watu wengi, wenye kisomo na wasio nacho, kwamba kiongozi anaweza kuulizwa fedha zimekwenda wapi.

Mwaka 1946 serikali ya kikoloni iliugawa mlima katika sehemu tatu, Hai, Vunjo na Rombo, na kuweka juu ya kila sehemu Mangi mmoja aliyeitwa Mangi Mwitori. Wawili kati yao walikuwa Abdiel Shangali wa Machame na Petro Itosi Marealle wa Marangu. Watu hawakuulizwa. Wakati huohuo Tume ya Jaji Wilson ilikuwa ikichunguza ardhi za Moshi na Arusha, na hofu ya ardhi ilikuwa kubwa. Ndipo mwishoni mwa miaka ya 1940 kikatokea chama kilichoandikishwa kwa jina la Kilimanjaro Chagga Citizens Union, yaani umoja wa raia wa Kichagga, kikiongozwa na Petro Njau pamoja na Merinyo yuleyule wa zamani.

Neno raia linastahili kusimamiwa kidogo. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kale ni watu walio chini ya mtawala, kama kundi lilivyo chini ya mchungaji. Katika Kiswahili cha zamani raia ni mtu asiye na cheo, anayelipa kodi na kutii. Njau na wenzake walilichukua neno la mtu anayetawaliwa wakalifanya neno la mtu mwenye haki ya kusema atatawaliwa na nani. Inawezekana hawakukaa chini kulifikiria jambo hilo kwa namna hii. Lakini lugha haingoji watu wafikiri, na maana mpya ya neno hilo ilianza kufanya kazi kabla wanakamusi hawajaiandika.

Dai la chama hicho laweza kumshangaza mtu wa leo, maana hawakudai bunge, wala kuondolewa kwa wamangi. Walidai Mangi Mkuu, mmoja kwa mlima mzima, badala ya wale watatu wa serikali, na walidai achaguliwe na watu. Yaani walitaka cheo chenye sura ya kale kipatikane kwa njia mpya kabisa.

Serikali mpya ya mwaka 1952

Aliyechaguliwa ni Thomas Marealle, mjukuu wa Mangi Marealle wa Marangu, aliyezaliwa mwaka 1915, mtumishi wa serikali aliyewahi kusoma Uingereza. Alisimikwa Januari 1952. Neno lililotumika kwa sherehe ile ni kusimikwa, na halikukosewa: alichaguliwa kwa kura, kisha akasimikwa kwa heshima za kimila, na hakuna aliyeona siku ile kwamba vitendo hivyo viwili vinaweza kugombana.

Ni haki kusema kwamba serikali yake haikuwa ya mchezo. Ilijenga, ilisomesha, ilisimamia Baraza la Wachagga lenye fedha ambazo serikali nyingi za wenyeji katika Tanganyika zilizitamani. Ilikuwa na bendera yake, wimbo wake na sikukuu yake, Siku ya Wachagga. Mwaka 1957 Marealle alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mjini New York na kuzungumzia mustakabali wa Tanganyika. Na kuanzia mwaka 1953 Baraza lilitoa gazeti lake la Kiswahili, Komkya, jina ambalo kwa Kichagga lina maana ya kumekucha.

Kuhusu gazeti hili, mwanahistoria Emma Hunter, katika kitabu chake cha mwaka 2015 juu ya fikra za kisiasa na uwanja wa umma Tanzania, amelisoma sambamba na Mambo Leo na magazeti mengine ya Kiswahili ya wakati ule, na ameonyesha jinsi maneno kama demokrasia, uhuru na maendeleo yalivyojadiliwa humo na watu wa kawaida. Kwa wanafunzi wa Kiswahili jambo hili lina uzito wake. Gazeti la kabila, lenye jina la Kichagga, lililotolewa na serikali ya Wachagga kwa ajili ya Wachagga, liliandikwa kwa Kiswahili. Sababu mojawapo ni kwamba Kichagga cha Rombo na Kichagga cha Machame vinatofautiana hata wasemaji wakatatizika kuelewana. Sababu nyingine ni kwamba Kiswahili kilikuwa lugha isiyokuwa ya Mangi yeyote. Mtu aliweza kumpinga mkubwa kwa Kiswahili bila kutumia lugha ya adabu ambayo kwa Kichagga ilimdai mdogo amnyenyekee mkubwa.

Malalamiko yalianza taratibu. Machame na Kibosho walinung'unika kwamba Marangu imekalia mlima. Waliosoma walilalamika kwamba Baraza linamwitikia Mangi Mkuu badala ya kumwuliza. Na juu ya yote lilikuwapo swali la muda. Waliomchagua mwaka 1951 walikuwa wamemchagua kwa muda gani? Wafuasi wake walisema Mangi ni Mangi hadi kufa. Wapinzani walijibu kwamba huyu hakurithi kiti cha baba yake. Alipewa na watu, na aliyetoa anaweza kuuliza.

Waliouliza

Chama kilichobeba hoja hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950 kilijiita cha kidemokrasia: Chagga Democratic Party. Mtu aliyekuja kuwa sura yake ni Solomon Eliufoo wa Machame, mwalimu aliyesoma Makerere, Marekani na Uingereza, aliyeingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa uchaguzi wa 1958 akiwa upande wa TANU. Ulikuwa uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na haki ya kupiga kura ilifungwa kwa kipato, elimu au cheo. Watu walioona jinsi haki hiyo ilivyopimwa kwa kibaba mjini hawakuwa tayari kuipoteza ile waliyokwisha kuipata mlimani.

Ikumbukwe kwamba serikali waliyoipinga si ya mgeni. Kumpinga Mwingereza kulikuwa na maneno yake tayari, nayo yalienea nchi nzima. Lakini Marealle alikuwa chaguo lao. Wengi waliompinga mwaka 1959 walikuwa wamemshangilia mwaka 1952, au baba zao walifanya hivyo. Hapo ndipo ilipo fahari ya harakati ile, na ndipo ulipo pia ugumu wake, kwa kuwa ilibidi waeleze kwa nini kumhoji mtu uliyemchagua si usaliti. Jibu lao lilikuwa katika kitenzi: tulimchagua, na kuchagua hakuishi.

Februari 1960 watu wa Kilimanjaro waliulizwa kwa kura kama wanataka kuendelea kuwa na Mangi Mkuu au wanataka Rais atakayechaguliwa. Walio wengi walichagua Rais, kwa tofauti kubwa. Eliufoo akashika nafasi hiyo.

Neno Rais halikuwa geni, maana Nyerere alikuwa Rais wa TANU tangu 1954. Lakini kama jina la mkuu wa serikali, watu wa Kilimanjaro walikuwa nalo zaidi ya miaka miwili kabla Tanganyika haijampata Rais wake wa kwanza tarehe 9 Desemba 1962. Vitabu vya shule havina desturi ya kulitaja hilo.

Haitakuwa kweli, hata hivyo, kuiandika kura ile kama ushindi safi wa wenye hoja dhidi ya wenye mila. Ugomvi wa zamani wa Machame na Marangu ulikuwa ndani yake. TANU, iliyoona kwamba serikali ya kabila yenye bendera na wimbo ni mshindani wa taifa linalozaliwa, ilikuwa na sababu zake za kufurahi. Na mshindi mwenyewe, Rais wa Wachagga, alikuwa pia waziri katika serikali ya Dar es Salaam, jambo ambalo wanademokrasia wakali wangepaswa kuliuliza maswali yaleyale waliyomwuliza Marealle. Haielekei kwamba waliuliza kwa sauti kubwa.

Serikali nyingine mpya

Uhuru ulipofika, mamlaka za wenyeji zilifutwa na uchifu ukafutwa kisheria mwaka 1963. Halmashauri ya wilaya ikachukua nafasi ya Baraza. Urais wa Wachagga, uliopiganiwa kwa kura, uliondoka pamoja na umangi ulioshindwa kwa kura, na hakuna aliyewauliza wapiga kura wa 1960. Marealle alidai fidia mahakamani, na Bunge likapitisha mwaka huohuo wa 1963 sheria ya matokeo ya kufutwa kwa uchifu iliyoziba njia ya madai ya namna hiyo. Mtu anaweza kuamini, kama wengi walivyoamini kwa nia njema, kwamba taifa changa lilihitaji kufanya hivyo, na bado akakiri kwamba sheria iliyotungwa kumfungia mtu mmoja mlango wa mahakama ni mwanzo mbaya kwa raia wote, pamoja na wale waliomkataa mtu huyo.

Mwaka huo Nyerere alieleza katika kijitabu chake juu ya demokrasia na mfumo wa vyama kwamba pale ambapo chama ni cha watu wote, demokrasia huwa imara zaidi. Mwaka 1965 chama kikawa kimoja kwa sheria. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa kwa jina la Madaraka Mikoani. Mwaka 1976 vyama vya ushirika navyo vikavunjwa, KNCU ikiwamo. Katika muda wa miaka kumi na mitatu kila baraza ambamo mtu wa Kilimanjaro alikuwa amejifunza kuuliza fedha zimekwenda wapi lilikuwa limefungwa, si na mkoloni wala na Mangi, bali na serikali iliyoingia kwa kushangiliwa.

Kilichobaki ni vitu vidogo. Kamati za mifereji ziliendelea mlimani, maana maji hayangoji sera. Na kijiji, kilichopewa umbo la kisheria mwaka 1975, kikapewa mamlaka yaliyo wazi zaidi na Sheria Namba 7 ya mwaka 1982, ile ya serikali za mitaa za wilaya.

Maji ya Njoro

Hapo ndipo Mabogini inapoingia tena. Kati ya mwaka 1984 na 1987, kwa mkopo kutoka Japani, ulijengwa mradi wa umwagiliaji wa Moshi ya chini. Vijiji vyake vinne ni Mabogini, Rau ya Kati, Oria na Chekereni. Mashamba ya Mabogini hupata maji ya mto Njoro, na yale mengine maji ya mto Rau. Ardhi ilipimwa upya, ikakatwa majaruba ya hekta 0.3, yenye mfereji wa kuingiza maji na mfereji wa kuyatoa, na ratiba ya zamu. Ilikuwa serikali mpya kwa maana halisi: amri juu ya nani alime lini zilitoka kwa wataalamu, na maji yalifunguliwa na anayeshika ufunguo wa lango.

Mpunga ulikubali vizuri mno, na hilo likaleta shida. Wakulima wa juu ya mabanio, walioona jirani zao wa chini wakivuna, walianza kulima mpunga nao, wakayachepusha maji kabla hayajafika. Haki ya maji iliyoandikwa ilikuwa ya mradi. Ila maji yalikuwa ya aliye juu. Eneo lililolimwa mpunga ndani ya mradi lilipungua mwaka hadi mwaka. Serikali iliyoweza kujenga lango la zege haikuweza kumzuia mkulima wa juu mwenye jembe, wala haikuwa wazi kwamba ilikuwa na haki ya kumzuia. Ilipojitoa hatua kwa hatua katika uendeshaji katika miaka ya 1990, kazi iliangukia chama cha wakulima wa mpunga, CHAWAMPU, na kamati za wakulima wenyewe.

Katika hali hiyo uchaguzi wa kamati si mapambo. Anayepanga zamu ndiye anayeamua ni jaruba la nani litakauka. Mkulima aliyelipa ada ya maji na hakuyapata anataka kujua ada imekwenda wapi, na anataka kujua mjumbe aliyemchagua ataondoka lini. Maswali hayo mawili ndiyo yaliyoulizwa mlimani katika miaka ya 1950, na hapa yanaulizwa na watu ambao wengi wao hawajapata kusikia habari za Petro Njau.

Chini ya sheria ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, awe na chama au asiwe nacho, na halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, huwajibika kwake. Thamani ya kifungu hiki ilionekana baada ya Juni 2016, pale serikali ya awamu ya tano ilipopiga marufuku mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa, marufuku yaliyodumu hadi Januari 2023. Moshi Vijijini, jimbo ambalo Mabogini imo, lilikuwa limemchagua mbunge wa upinzani mwaka 2015. Wapiga kura wake walijikuta hawawezi kuitishiwa mkutano na chama walichokichagua. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019, baada ya wagombea wengi wa upinzani kuenguliwa, CHADEMA na vyama vingine vilijitoa, na vijiji vingi nchini vikapata viongozi wasio na mshindani. Mtu aliyekuwa amebaki na swali alibaki pia na mahali pamoja pa kuliuliza bila kibali cha polisi, nayo ni mkutano mkuu wa kijiji chake.

Ni mahali padogo. Mwenyekiti anaweza kuchelewa kuuitisha, akidi inaweza kukosekana kwa kuwa ni msimu wa kupandikiza, na mtendaji wa kijiji, ambaye huajiriwa na halmashauri ya wilaya wala hachaguliwi na wanakijiji, anaweza kusoma hesabu kwa haraka hata zisishikike. Wanaojua hila hizo wamejifunza kuleta daftari na kalamu, kuomba tarakimu isomwe tena, na kudai kwamba jibu liandikwe katika muhtasari. Hawajiiti wanaharakati. Neno hilo lina harufu ya mjini, na huenda likawaletea taabu bila sababu.

Ajenda ya mkutano wa namna hii huanza kwa kufungua kikao, hufuata muhtasari wa kikao kilichopita na yatokanayo, kisha taarifa ya mapato na matumizi. Ya mwisho kabla ya kufunga huandikwa kwa neno moja, Mengineyo. Mwenyekiti mzoefu huitengea dakika chache, na jua huzama wakiwa bado humo.